Gari Lako, Banda Langu

Kila asubuhi Mshona Viti alipogonga geti la kaka yake, geti lilichelewa kufunguliwa, na lilichelewa makusudi. Alizisikia kabisa kandambili za wifi yake zikija, zikisimama nyuma ya bati, zikikaa hapo kimya. Ni mchezo wa kitoto, lakini watu wazima wakiamua kuchukiana hakuna utoto wanaouacha. Yeye naye hakugonga mara ya pili. Aliweka chini kikapu chake cha spana, akafuta miwani kwa pindo la kanga, akapiga mluzi mpaka komeo likavutwa.

"Karibu, wifi," mke wa kaka yake alisema. "Umekuja kumwosha maiti wako?"

"Nimekuja. Wa kwako ameamka?"

Huyo maiti lilikuwa gari la marehemu baba yao, gari la zamani lenye taa za mviringo na bampa ambazo enzi zake ungeweza kujitazama ukachana nywele. Sasa lilikuwa limekaa bandani zaidi ya miaka thelathini. Matairi yamepasuka, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma vizazi kwa vizazi, na kutu imekula milango hadi mkono unapenya. Mshona Viti alikuwa amefunga kibanda chake cha kushona viti vya magari na makochi, akatangaza kwamba amestaafu, na badala ya kupumzika kama watu akajitwisha chuma hicho. Waliomuuliza kulikoni aliwajibu, "Wenzangu wanafuga kuku, mimi nafuga kutu." Wakacheka, naye akawaacha wacheke.

Ukweli haukuwa wa kuchekesha. Alitaka kujua kama alimuua mama yake.

Ilikuwa hivi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na ushee siku mama yao alipoamka pumzi hazitoshi. Baba alikuwa safarini, kaka amelala kwa rafiki zake. Msichana akamlaza mama kwenye kiti cha nyuma, akatia maji kwenye rejeta kwa jagi la kijani kama baba alivyowafundisha, akaondoka. Katikati ya mlima wa kwendea hospitali mshale wa joto ukapanda ukagota, injini ikalia kama bati linalokunjwa, ikazimika. Barabara ilikuwa tupu. "Tusubiri lipoe," mama alisema kutoka nyuma, na hakusema kingine tena. Wakasubiri. Gari lilipopoa, mama naye alikuwa amepoa.

Jioni lori likalivuta gari hadi nyumbani. Asubuhi yake, ua umejaa waombolezaji, baba akafika kutoka safari, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua boneti, akatoa kifuniko cha rejeta na kuchungulia. Kukavu, hata tone. Akamtazama binti yake mbele ya watu wote, akaishusha boneti polepole. Tangu siku hiyo habari ya familia ikawa fupi: hakutia maji, akaua gari, akaua na mama.

Baba hakumpiga wala hakumfukuza. Alifanya baya zaidi: alimsamehe. Kila ukoo ulipokutana alisimama akasema amemsamehe binti yake kwa yaliyotokea, na watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabia wema wake. Msamaha wa kosa usilolikumbuka ni mwiba wa samaki kooni, humezi na hutemi. Miaka ya mwanzo alibisha, kwa sababu jagi la kijani alilikumbuka vizuri. Lakini mtu akiambiwa mwaka hadi mwaka kwamba hakufanya, hata kumbukumbu hufika mahali ikachoka. Akawa hajui tena kama jagi lile lilikuwa la asubuhi ile au la asubuhi nyingine.

Kaka yake walimwita Injinia. Jina alipewa na baba ujanani, kwa vile alijifunza kufungua injini kwa kutazama tu, na wiki ile ile ya msiba alikuwa ameifungua ya gari lile akaifunga tena, baba akamsifu hadi kwa majirani. Baada ya msiba Injinia hakushika spana maishani mwake. Watu walisema ni majonzi, maskini, alimpenda sana mama yake. Akafungua duka la saruji na mabati, akanenepa, jina likabaki.

Baba alipokaribia kufa aligawa mali kwa mdomo wake mwenyewe. Nyumba na kiwanja vikaenda kwa Injinia. Gari? "Aliyelivunja ndiye mwenyewe," alisema, akageukia ukutani. Na hata udongo wa kaburi haujakauka, Injinia alimwendea dada yake na mikono kiunoni.

"Gari lako, banda langu," alisema. "Nataka banda langu."

"Lichukue. Gari langu bado halina miguu."

Basi vita vikaanza. Injinia alikata waya wa umeme wa bandani, Mshona Viti akaja na tochi na msasa wa mkono. Injinia akapanga mifuko ya saruji mbele ya mlango wa banda, dada mtu akaingilia dirishani, mwanamke mzima, kanga imefungwa kiunoni na spana kwenye meno. Injinia akamwaga kokoto pale alipokuwa anaanika milango aliyoipaka rangi ya kuzuia kutu. Aliporudi akaikuta milango imetapakaa vumbi, akaisugua yote upya, akasonya kila alipofika kwenye bawaba. Hawakusalimiana. Injinia alikuwa akipita dirishani asubuhi akielekea dukani, anatema mate nje ya banda, si ndani, ili asije akaambiwa kitu.

Na gari nalo halikumwonea huruma. Siku ya kwanza kabisa alitia maji kwenye rejeta aone inavuja wapi, maji yote yakamwagika miguuni pake kabla ndoo haijaisha. Akaingia chini ya gari na tochi. Halikuwa tundu. Ilikuwa koki ndogo iliyo chini kabisa ya rejeta, ile ya kutolea maji machafu, nayo ilikuwa wazi, imeshikwa na kutu ikiwa hivyo hivyo wazi. Akaimiminia mafuta, akaikaba kwa koleo mpaka ikajifunga na kubaki na alama za meno ya koleo, akaenda kukausha viatu. Mwenye kutu ya gari zima hawezi kuanza kuhangaikia koki.

Mwili wa gari alimaliza, sehemu nyingine kwa mikono yake na nyingine kwa mchomeleaji. Viti vya mbele akavivua hadi springi, akavishona upya. Cha nyuma hakukigusa. Alifukuza kuku, akakifunika shuka, akasema cha mwisho kitakuwa hicho.

Ndipo akamwita fundi injini wa mtaa wa pili, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Wakaing'oa rejeta na kuiegemeza ukutani, wakapambana na bolti za kifuniko cha juu cha injini tangu asubuhi hadi fundi akaanza kuzitukana moja moja kwa mama zake. Zilipokubali wakainua kifuniko, na chini yake ikawa imelala gasketi, lile bapa jembamba linalokaa katikati ya injini na kifuniko chake, lenye matundu makubwa ya pistoni na matundu madogo ya kupitishia maji. Ilikuwa imeungua upande wa nyuma, nyeusi tii. Fundi alisema ya namna ile haiuzwi tena popote, labda wachonge nyingine kwa bati la shaba.

"Kuchonga niachie mimi," alisema Mshona Viti. "Kukata kwa kufuatisha ndiyo kazi iliyonizeesha."

Fundi akatoka nje kukohoa. Mshona Viti akaisafisha gasketi ya zamani kwa mafuta ya taa, akataka kuilaza juu ya injini ahakikishe haijapinda kabla ya kuichora. Aliilaza kama anavyolaza kipande cha kitambaa juu ya kiti, uso juu. Matundu yote yakakubali. Lakini alama za moto hazikukubali: weusi uliokuwa kwenye gasketi ulikuwa upande huu, na weusi wa kwenye injini ulikuwa upande ule. Akaigeuza, mgongo juu. Sasa weusi ukalalia weusi, ila matundu ya maji ya nyuma yakazibwa na bati tupu, yote.

Mshona viti yeyote anaijua hali hiyo. Ukikata kipande cha mkono wa kushoto ukakigeuza kinakuwa cha kulia, na mwanafunzi hukishona hivyo hivyo, kwa sababu kwa haraka kinaonekana kama kinaenea. Akaigeuza, akairudisha, akaigeuza tena. Akamwita fundi.

"Ilifungwa kinyume hii," fundi alisema. "Umeona? Maji hayafiki nyuma."

"Gari lingetembea?"

"Hapa hapa kwenye tambarare, lingetembea. Ukilipandisha mlima linakufa. Hata ulitilie bahari nzima." Akakohoa. "Nani alikufungia? Mwanafunzi?"

Mshona Viti alikaa juu ya debe la rangi, mikono inanuka mafuta ya taa. Alidhani siku akilijua hilo angelia kwa furaha. Hakulia. Alishikwa na hasira ya miaka yote imekuja mara moja kama mgeni mwenye mizigo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na chake kilikuwa kikipita kila asubuhi dirishani na kutema mate.

Shaba akaikata, akaipiga msasa, ikatoka safi. Na kabla hajaifunga likaja lori la vyuma chakavu, limetumwa na Injinia. Wapakiaji wakaruka chini na minyororo. Injinia mwenyewe alikuja nyuma yao, na mkewe nyuma yake, amejifunga kitenge kwa ajili ya kushuhudia.

"Pakieni," Injinia alisema. "Lote. Na makopo yake."

Mshona Viti alisimama mlangoni mwa banda. Hakupiga kelele. "Injinia," aliita, kwa jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu msibani. "Kabla hawajapakia, njoo unilalishie hii gasketi. Mimi mshona viti tu, sijui uso wake wala mgongo wake."

"Sina muda wa upuuzi."

"Au umesahau? Jina lote hilo, kumbe la kuuzia saruji?"

Mmoja wa wapakiaji akacheka. Hilo ndilo lililomponza Injinia, maana mtu anayebeba jina asilolifanyia kazi hawezi kuvumilia kuchekwa kwalo. Akampokonya dada yake ile shaba, akaitupia jicho, akaigeuza mara moja, akaibandika juu ya injini. Ilikaa barabara. Ilimchukua muda wa kupiga chafya.

"Haya. Umeridhika?"

"Umeiweka vizuri sana," dada yake alisema. Akachukua ile ya zamani, akailaza kando yake, mgongo juu, weusi juu ya weusi. "Sasa mara ile mbona uliiweka hivi?"

Injinia alitazama. Uso wake ulikunjuka kwanza, kisha ukapauka kama saruji yake mwenyewe.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza.

"Mumeo aliifunga gasketi kinyume. Wiki ile ile. Gari lilikuwa limeshakufa kabla sijampakia mama."

"Nilikuwa kijana!" Injinia alifoka. "Nilikosea, haya, nilikosea! Nani hakosei? Lakini rejeta ilikuwa kavu! Baba aliona, watu wote waliona. Gasketi haikukausha rejeta. Maji hukutia, na hilo hutalikwepa hata ufungue injini ngapi."

Hapo mwiba ukamrudia Mshona Viti kooni, pale pale pake pa zamani, na kwa kitambo kizima alimwamini. Ndiyo, ilikuwa kavu. Alikuwepo, aliiona shingo ya baba ikiinama. Labda jagi lilikuwa la siku nyingine. Akainamisha macho kwa aibu aliyoizoea, na macho yakaangukia rejeta iliyoegemezwa ukutani, na chini kabisa ya rejeta koki ndogo yenye alama za meno ya koleo.

"Koki," alisema.

"Koki gani?" aliuliza wifi yake.

"Ya kutolea maji. Niliikuta wazi siku ya kwanza, imeshikwa na kutu ikiwa wazi. Nimeifunga mimi kwa koleo, alama hizo." Alikuwa anaongea na wifi yake, lakini anamtazama kaka yake. "Wifi, gari lenye koki wazi halifiki hata hapo getini. Maji yote yanabaki uani. Mimi nililifikisha katikati ya mlima. Kwa hiyo asubuhi ile koki ilikuwa imefungwa, na mpaka asubuhi ya pili baba anachungulia, ilikuwa wazi. Usiku ule nani alilala hapa na gari?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia kwenye koki ya ukubwa wa kidole gumba. Injinia alikaa juu ya mfuko wa saruji, mmoja wa ile ile aliyoipanga kumzibia dada yake mlango.

"Ilikuwa imejaa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Jioni ile niliifungua, ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nikajua ni kazi yangu. Baba angeniua."

"Kwa hiyo ukaniua mimi."

"Sikujua kama itafika huku. Nilidhani watasahau..."

"Baba amekufa akinisamehe!" Sasa sauti ilimtoka. "Kila mwaka alisimama akanisamehe, na wewe umekaa pembeni unaitikia! Unaitikia!"

"Dada, yameshapita hayo. Damu nzito kuliko maji."

"Usinitajie maji."

Dereva wa lori akachungulia dirishani. "Jamani, tunapakia au hatupakii?"

"Mpakieni huyu," alisema mke wa Injinia, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Siku zote hizi namchelewesha mtu getini kwa uongo wako." Akavua kitenge alichojifunga, akaanza kusogeza mifuko ya saruji kutoka mlangoni, mmoja mmoja, bila kumwomba mtu msaada.

Injinia alitakiwa kuyasema hayo mbele ya ukoo, na aliyasema, maneno yakimtoka kama mtu anayetemeshwa dawa. Alipomaliza wazee walihema, wakamgeukia Mshona Viti, wakamwambia sasa amsamehe kaka yake ili mambo yaishe, baba yenu angependa hivyo. Aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mimi si baba," aliwajibu, akaondoka na kikapu chake. Kuna waliosema ana roho ngumu. Na iwe ngumu, ilikuwa yake.

Kiti cha nyuma alikishona cha mwisho, kwa ngozi ya rangi ya maziwa, mshono mwembamba kuliko wowote aliowahi kushona kibandani kwake. Mara kadhaa ilimbidi aweke sindano chini, kwa sababu alikuwa analia na machozi yanaacha madoa kwenye ngozi. Alilia sana, na safari hii hakuna aliyemwambia amesamehewa.

Siku ya kulitoa gari, alikuta geti limeshafunguliwa, limeegemezwa jiwe. Wifi yake alikuwa amesimama hapo amevaa nguo ya kutokea, mkoba begani.

"Nakaa mbele," wifi alisema. "Nyuma sikai. Nyuma pana mwenyewe."

Injinia naye alikuwepo, shati limepigwa pasi, mikono haijui pa kukaa. Mshona Viti alifungua boneti, akachukua jagi, akatia maji kwenye rejeta polepole mpaka yakafurika na kutiririka chini.

"Njoo uone," alimwambia kaka yake.

Akaja, akachungulia.

"Yamejaa?"

"Yamejaa."

"Sema kwa sauti."

"Yamejaa!" Injinia alisema, na jirani wa upande wa pili akatoa kichwa dirishani.

Akafunga kifuniko, akashusha boneti, akaingia, akawasha. Injini ikakohoa mara mbili kama fundi wake, kisha ikatulia ikanguruma taratibu. Wifi akacheka peke yake. Injinia alisogea hadi kwenye mlango wa nyuma, akaweka mkono juu ya kitasa, akachungulia kile kiti cheupe.

"Mnakwenda mlimani?" aliuliza. "Nami nakuja. Nisubiri nikafunge duka, mdogo wangu. Dakika tu."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita mdogo wangu. Mshona Viti alimtazama kwenye kioo, akaona nywele zake zimekuwa nyeupe, akaona mkono wake bado uko juu ya kitasa.

"Mama naye alisubiri," alisema, akaingiza gia, akalitoa gari getini.